Kisa cha "I did not went": mtoto wa kidato cha kwanza na vitenzi visaidizi vya Kiingereza

Wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa mwezi Julai, jirani yangu hapa Muheza alikuja barazani kwangu akiwa na daftari la mwanawe. Kijana yuko kidato cha kwanza. Darasa la saba alifaulu vizuri, hisabati ndiyo usiseme, na mama yake alikuwa haelewi kilichompata. "Mwalimu, huyu si mjinga," aliniambia hata kabla hajakaa. "Lakini hebu tazama." Akafungua ukurasa wa insha ya Kiingereza. Chini palikuwa na alama 3 kati ya 10 na neno moja kwa wino mwekundu: "Tenses!"

Naiweka insha nzima hapa kama ilivyokuwa, kwa ridhaa ya mwenyewe na ya mama yake:

"My grandmother is live in Korogwe. She is sell oranges. Last holiday I was go to see her. Every day I was help her. I did not went to the river because the river was have many water. My brother did not came. He was sick. He has sleep. In the evening we were eat and we were sleep. Now Iam like Korogwe. Next holiday I will go again and I will stay two weeks."

Ukihesabu, vitenzi 11 vina kasoro, na kila kimoja kilikuwa kimezungushiwa duara. Simlaumu aliyesahihisha. Mwenye madaftari ya mikondo mitatu mezani hapati nafasi ya kumuuliza kila mtoto kwa nini ameandika hivi na si vile. Mimi nilikuwa na jioni nzima, basi nikauliza.

Kilichonivuta kwanza hakikuwa kosa. Ilikuwa ile sentensi ya mwisho. "I will go again and I will stay two weeks" imenyooka, na hakuna aliyeitilia alama ya vema. Mtoto asiyejua kabisa vitenzi visaidizi, yaani "will", "was", "did" na wenzao, ameiandikaje? Nikampa sentensi 10 za wakati ujao azitafsiri palepale: nitapika, mama ataondoka, watacheza kesho, na nyingine za namna hiyo. Akapata zote 10. Nikampa 10 za wakati uliopita, akakosa 9. Aliyoipata ilikuwa "alikuwa mgonjwa".

Nikamwambia anieleze, kwa Kiswahili, "will" ni nini.

"Ni -ta-, mwalimu."

"Na was?"

"Ni -li-. Au ali-."

"Were?"

"Tuli-. Au wali-."

"Is?"

"Ana-."

"Na hii Iam uliyoiunganisha?"

"Nina-."

"Has?"

"Ame-," akasema, akanitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa amekosea wapi.

Kumbe kichwani mwake mlikuwa na jedwali kamili, lenye mantiki, alilolijenga peke yake. Msingi wake ni "will". Kweli "will go" inakaa kama nitaenda: kiambishi cha wakati mbele, kitenzi kitupu nyuma. Akaichukua kanuni hiyo, akaipeleka kwa visaidizi vyote alivyokutana navyo. "Was go" ni -li- na kwenda. "Were eat" ni tuli- na kula. "Is sell" ni ana- na kuuza. "Has sleep" ni ame- na kulala. Hata ile "Iam" iliyoandikwa kama neno moja haikuwa uzembe wa mwandiko. Kwake ilikuwa kiambishi nina-, na viambishi kwa Kiswahili huandikwa vikiwa vimeshikana.

Kwa hesabu hiyo, vitenzi 8 kati ya vile 11 ni kosa moja lililorudiwa mara 8. Viwili vinatokana na "did", na kimoja, "was have", kina historia yake. Neno "Tenses!" halikuweza kumwonyesha hilo. Alipoliona alifikiri hajui chochote, akaanza kukariri upya orodha ya go, went, gone aliyokuwa anaijua tayari.

Ni vizuri kukumbuka ametoka wapi. Tangu 1967 shule nyingi za msingi za serikali Tanzania zimefundisha masomo kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Mtoto akivuka kwenda sekondari, biolojia, jiografia na hisabati zote zinamjia kwa Kiingereza kwa mpigo. Akili iliyobanwa hivyo hushika chombo ilichonacho. Chombo cha kijana huyu kilikuwa sarufi ya Kiswahili, tena alikitumia kwa ustadi. Ndiyo maana naumia nikiona mbao zinazokataza Kiswahili hata ndani ya kipindi cha sarufi ya Kiingereza. Nje ya kipindi sawa, watoto wazungumze Kiingereza wazoee. Lakini tukiwa tunatafuta kosa limezaliwa wapi, kumnyima mtoto Kiswahili ni kumzimia taa.

Mpagazi

Nilianza na "will" kwa sababu hiyo alikuwa ameishika. Siku ya kwanza hatukugusa kingine. "Will you go?" "I will not go." Nilitaka aone mambo mawili tu: kisaidizi ndicho kinachoruka mbele ya mtenda tunapouliza, na kisaidizi ndicho kinachopokea "not" tunapokana. Kitenzi kikuu kinakaa pale pale, hakibadiliki sura. Kiswahili hakina mruko huo. Sisi tunasema "utakwenda" kwa kuthibitisha na "utakwenda?" kwa kuuliza, sauti inapanda, au tunatanguliza "je", basi. Hapo pa kuruka alihitaji mazoezi ya mdomo zaidi ya maelezo.

Siku ya pili nikamleta "did". Nilimuuliza kwa nini ameandika "did not went", ilhali kwenye sentensi za kuthibitisha neno "went" hakulitumia hata mara moja. Jibu lake silisahau: "Nilitaka iwe wakati uliopita kabisa, mwalimu." Aliona "did" peke yake haitoshi, akaongeza "went" ili isiwe na shaka.

"Haya," nikamwambia, "kanusha atapika."

"Hatapika."

"Ile -ta- ipo?"

"Ipo."

"Kanusha alipika."

"Hakupika."

"Ile -li- ipo?"

Akanyamaza. Akaandika mchangani kwa kijiti: alipika, hakupika. "Haipo. Imekuja -ku-."

"Mbona hukusema halipika?"

Akacheka. "Haisemeki."

Haisemeki kwa sababu Kiswahili hakikubali wakati uliopita ubebwe mara mbili. Ukikanusha, -li- inaondoka na -ku- inashika nafasi yake. Kiingereza kinafanya jambo hilohilo: "went" inaondoka, "did" inashika kazi, na kitenzi kinarudi kuwa "go". Wakati ujao haufanyi hivyo katika lugha yoyote kati ya hizi mbili. -Ta- inabaki katika hatapika, na "will" inabaki katika "will not cook". Mtoto wa miaka 14 alikuwa anaijua tofauti hiyo tangu anajifunza kusema, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba anaijua.

Nilimwambia "did" ni mpagazi. Mzigo ni wakati. Mpagazi asipokuwepo, kitenzi kinajibebea chenyewe: went, came, cooked. Tukiuliza au tukikana, mpagazi anaitwa, anautwaa mzigo wote, na kitenzi kinatembea mikono mitupu. Vivyo hivyo "does". Ile s ya "he goes" ni mzigo pia, kwa hiyo "does he goes" ina mzigo mmoja uliobebwa na watu wawili. Baadaye alikuwa akijisahihisha mwenyewe kwa kunong'ona "mpagazi" kabla ya kuandika.

(Kwa mwalimu atakayejaribu njia hii: nilichagua kupika kwa makusudi. Ukianza na kwenda au kula utajitia matatani, maana alikwenda na alikula zina ku- ya kitenzi chenyewe, na mtoto ataiona ku pande zote mbili asijue ipi ni ya ukanushi.)

Mpagazi huyu si mkongwe sana katika Kiingereza. Enzi za Shakespeare mtu aliweza kusema "I know not" na akaeleweka, na "I do not know" ilikuwepo pia pembeni yake. Baadaye ile fupi ikafifia na "do" ikawa lazima. Nilimwambia hivyo kwa sababu alikuwa ameanza kuamini kwamba kila kitu katika Kiingereza kimepangwa na mtu mwenye akili kuliko yeye.

"Was have many water" ilitatuliwa kwa dakika tano. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinacholingana na "have", tunatumia "kuwa na". Mto ulikuwa na maji: "ulikuwa" akaigeuza "was", "na" akaigeuza "have", akaviweka kwa mpangilio uleule. Kiingereza kina "have" peke yake, na wakati uliopita wake ni "had". "Many" nayo ni maji mengi. Maji kwetu yako katika ngeli yenye sura ya wingi, na Kiingereza hakiyahesabu.

Is, was, na ile -na-

Hapa palikuwa pagumu kuliko "did", na nadhani ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. -Na- ya Kiswahili inabeba mawili. "Bibi anauza machungwa" inaweza kuwa kazi yake ya kila siku, na inaweza kuwa ndiyo anayoifanya sasa hivi huku tunamwona. Kiingereza kinalazimisha uchague: "sells" au "is selling". Kukanusha hakusaidii, kwani "hauzi" nayo inameza yote mawili.

Kinachosaidia ni hu- ya mazoea. Kama unaweza kusema "bibi huuza machungwa" na maana isiharibike, basi hakuna "is" hapo: "she sells". Kama hu- inakataa, kwa mfano "njoo uone, bibi huuza machungwa sasa hivi", basi ni "is", na "is" ikija lazima ije na -ing. Niliirudia sehemu hiyo ya mwisho kila siku tuliyokutana. "Will" na "did" zinataka kitenzi kitupu. "Is" na "was" zinataka -ing, au sura ya tatu mtu anapotendewa. Kila kisaidizi kina sura yake ya kitenzi inayokifuata, na jedwali la kijana lilivunjika kwa sababu liliamini vyote vinataka kitupu kama "will".

Tena si kweli kwamba Kiswahili hakina visaidizi vya namna hii. Alikuwa anapika. Alikuwa amepika. Atakuwa amefika. Kuwa inashika wakati, kitenzi cha pili kinaeleza kama jambo linaendelea au limekamilika. Ukizitazama sentensi hizo kando ya "was cooking", "had cooked" na "will have arrived" unaona ndugu. Tofauti ni kwamba sisi tunamtaja mtenda mara mbili, a- kwenye alikuwa na a- kwenye anapika, na Kiingereza kinamtaja mara moja kinanyamaza.

"Iam like" niliiacha ya mwisho na sikuipa muda mrefu. Kupenda, kujua, kutaka, kuamini: kwa kawaida Kiingereza hakivipi -ing hata kama hisia iko moyoni sasa hivi. Aliandika orodha fupi nyuma ya daftari.

-Me- yenye nyuso mbili

"He was sick. He has sleep." Nilimuuliza alitaka kusema nini. "Alikuwa amelala tu ndani." Sasa ukirekebisha sura ya kitenzi peke yake utapata "he has slept", sarufi safi, maana potofu. Msomaji ataelewa kwamba kaka amekwisha lala na pengine ameamka. Kijana alimaanisha kaka yuko kitandani.

-Me- yetu inaonyesha tendo lililokamilika, na pia hali iliyobaki baada ya tendo hilo. Amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, amekufa. Kwa Kiingereza hali hizo hazichukui "has" hata moja: is asleep, is sitting, is standing, is wearing, is tired, is dead. Nimesoma insha nyingi zenye "she has worn a red dress" zikieleza picha ya dada aliyesimama mbele ya mpiga picha. Mwandishi hakukosea wakati. Ameitafsiri -me- kwa uaminifu, na -me- ikamwangusha.

Swali nililompa ni hili: sentensi yako inajibu "yukoje?" au "amefanya nini?" Ikiwa inajibu "yukoje", tumia "is". Ikiwa inajibu "amefanya nini", fikiria "has".

Nasema fikiria kwa sababu kuna mtego wa pili. Katika mazungumzo tunasema "nimemwona jana" bila kujikwaa. Kiingereza hakikubali "I have seen him yesterday", kwa maana "have" haikai pamoja na saa au siku iliyokwisha pita. Jinsi ya kumweleza mtoto hilo ilinisumbua miaka mingi, mpaka nikagundua kwamba Kiswahili kinalitatua chenyewe tukikanusha. Kanusha "nimemwona jana". Hutasema "sijamwona jana", utasema "sikumwona jana". Imetoka -ku-, na -ku- ni jamaa ya "did", kwa hiyo uthibitisho wake ni "I saw him". Kanusha "nimemwona", bila jana: "sijamwona". Imetoka -ja-, na -ja- ni jamaa ya "have not", kwa hiyo uthibitisho wake ni "I have seen him". Sijala na sikula ni vitu viwili kwa kila mtu anayezungumza Kiswahili, hata mtoto wa miaka mitatu anayeitwa mezani. "I have not eaten" na "I did not eat" zinagawana njia hiyohiyo.

Kipimo hiki kina mpaka. Kwa vitenzi vya hali kama amevaa hakifai, kwa kuwa "hajavaa viatu" inatoa -ja- na bado Kiingereza kitasema "he is not wearing shoes". Kwa hiyo swali la "yukoje" litangulie, halafu ukanushi.

Baada ya wiki sita

Tulikutana Jumanne na Alhamisi, saa moja kila jioni, mpaka mwisho wa Agosti. "Did not went" ilipotea kwenye maandishi ndani ya wiki moja, ingawa mdomoni ilirudi kila alipokuwa na haraka. "Was go" ilichukua wiki tatu. Siku ya mwisho nilimpa karatasi tupu aandike insha ileile bila kutazama ya kwanza:

"My grandmother live in Korogwe. She sells oranges. Last holiday I went to see her. Every day I helped her. I did not go to the river because it had a lot of water. My brother did not come. He was sick and he was asleep. In the evening we ate and slept. Now I like Korogwe. Next holiday I will go again and I will stay two weeks."

Limebaki "live". Aliipata "sells" na akaikosa "lives" katika sentensi mbili zinazofuatana, na sishangai. Ile s ya nafsi ya tatu inachelewa kukaa kuliko yote. Mwanzoni aliniambia s ni ya wengi, kama katika "oranges", kwa hiyo akaandika "they goes" na "he go" kwa kujiamini. Kwetu mtenda hutambulika mwanzoni mwa kitenzi, a- na wa-, na mkiani hatuna mazoea ya kumtafuta. Nilipomwonyesha neno "live" hakuniuliza, alichukua kalamu akaongeza s mwenyewe.

Mama yake aliponiuliza kama sasa atafaulu upimaji wa kidato cha pili, nilimjibu kwamba vitenzi peke yake havitoshi. Msamiati wa biolojia ni mlima mwingine. Lakini sasa akisoma "the plant has absorbed water" anajua mmea umekwisha fyonza, na akisoma "is absorbing" anajua kazi inaendelea. Kabla ya hapo sentensi hizo mbili zilikuwa moja kwake.

Wiki iliyofuata alipita tena, bila miadi, akiwa na sentensi aliyoiandika nyumbani na swali. Katika hadithi tunasema niliamka, nikanawa uso, nikaenda mtoni, nikamkuta rafiki yangu. -Li- inatajwa mara moja, zinazofuata zinapokea -ka-. "Mwalimu, -ka- yao iko wapi?"

Nikamwambia hawana. Kila kitenzi katika mlolongo huo kinabeba mzigo wake mwenyewe, hakuna mpagazi na hakuna wa kupokezana naye. Akanionyesha alichokiandika: "I woke up, washed my face, went to the river and finded my friend." Vitenzi vinne, vyote vinne vimebeba. Nikaiacha ile "finded" kwa muda, nikaitia sentensi nzima alama ya vema, kisha nikamwambia aliweke "found" kwenye orodha yake nyuma ya daftari.